Pumzi ya Johnnie Wilder: Heatwave na albamu yao ya kwanza

1.

Leo sizungumzii presha, kisukari wala chanjo za watoto. Leo nawaletea historia ya santuri moja ya mwaka 1976, na ni ndefu kweli. Wale wa "sista fupisha" mnisamehe, hii haifupiki. Weka chai mezani, kaa.

Santuri yenyewe inaitwa Too Hot to Handle. Ni albamu ya kwanza ya kundi la Heatwave la Uingereza. Ukiwatajia vijana jina hilo wanakutazama tu. Lakini piga Always and Forever ukumbini, bibi na bwana harusi wakiwa katikati, na hata asiyejua neno la Kiingereza anajua sasa ni muda wa kutulia na kushikana mikono. Wimbo huo umo humo. Boogie Nights nao umo humo, ule unaoanza polepole kama muziki wa wazee wa hotelini, halafu besi inaingia na watu wanaacha sahani zao mezani.

Sasa nesi na disko wapi na wapi? Ni kwa sababu ya mtu aliyeziimba. Nitafika kwake, ila lazima tupitie njia ndefu kidogo.

2.

Tuanze na askari. Johnnie Wilder Jr. alizaliwa mwaka 1949, kwao ni Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Kwa wapenzi wa fanki Dayton si mji wa kawaida. Ohio Players ni wa hapo, Slave ni wa hapo. Ni mji wa viwanda ambao ulitoa wapiga besi kama vile mingine inavyotoa mabondia.

Lakini Johnnie hakuanzia muziki Dayton. Alikuwa jeshini, na jeshi la Marekani likampeleka Ujerumani Magharibi. Miaka ile Ujerumani Magharibi ilikuwa imejaa wanajeshi wa Kimarekani, na palipo na askari vijana pana klabu za usiku, na palipo na klabu panahitajika waimbaji. Nyinyi mliokua na kaseti za Boney M nyumbani mnajua hali hiyo: kundi lilitengenezwa Ujerumani, waimbaji wake wametoka Karibi, na dunia nzima inacheza. Johnnie alipomaliza utumishi wake hakurudi kwao moja kwa moja. Alibaki anaimba klabuni, kisha akavuka kwenda Uingereza kutafuta kundi lake mwenyewe.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Mwaka 1974 aliweka tangazo kwenye gazeti la muziki la Melody Maker akitafuta mpiga kinanda. Aliyejibu alikuwa Mwingereza mweupe, mpole, mvuta sigara, aitwaye Rod Temperton.

3.

Huyu Temperton naomba tukae naye kidogo, maana ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya albamu.

Alizaliwa Cleethorpes mwaka 1949, mji wa pwani uliopakana na Grimsby, na Grimsby ni bandari ya samaki. Baba yake alikuwa na tabia moja ambayo mimi naiheshimu sana: usiku alimwekea mtoto redio ndogo kitandani, imefunguliwa Radio Luxembourg, ili alale nayo. Kijana alipokua alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa barafu hapo Grimsby. Kama umewahi kupita Feri alfajiri unaijua harufu yake. Sasa ongeza baridi ya Bahari ya Kaskazini.

Mwaka 1972 aliacha samaki, akahamia Worms, Ujerumani, kupiga kinanda. Kwa hiyo alipojibu lile tangazo, Ujerumani ilikuwa tayari imewapitia wote wawili.

Wengine kundini walitoka kila upande. Keith Wilder, mdogo wake Johnnie, sauti nzito. Jesse Whitten na Eric Johns, Wamarekani, magitaa. Mario Mantese, aliyetokea Uswisi, gitaa la besi. Ernest Berger, aliyeitwa Bilbo, kutoka Chekoslovakia, ngoma. Hebu fikiria mwaka 1975, dunia imegawanyika Mashariki na Magharibi, na hapa kuna Mcheki, Mswisi, Waamerika weusi na kijana wa kiwanda cha samaki ndani ya gari moja wanazunguka klabu za Uingereza. Ndiyo maana napenda kusema ni kundi "la Uingereza" kama vile wodi yetu ilivyo ya mkoa huu. Jengo ni la hapa, waliomo wametoka kote.

4.

Kampuni iliyowachukua ni GTO Records. Prodyuza alikuwa Barry Blue, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa pop, na mwaka 1973 wimbo wake Dancing (On a Saturday Night) ulifika namba 2 Uingereza. Hakuwa mtu wa fanki. Mimi naamini hiyo ndiyo ilikuwa bahati ya albamu hii. Fanki ya Dayton ni nzito, inakaa kwenye besi, inajirudia hadi ikuingie mwilini. Pop ya Uingereza inataka kiitikio, inataka kitu ambacho mama jikoni atakishika mara moja. Kaunganisheni hizo mbili na mnapata Boogie Nights.

Sikilizeni ule mwanzo wake. Kuna kinubi! Kinubi kwenye wimbo wa disko. Aliyekipiga ni mwanamke, Sheila Bromberg, ndiye yuleyule aliyepiga kinubi kwenye She's Leaving Home ya The Beatles mwaka 1967. Mtu huyu ameingia kwenye masikio ya mamilioni ya watu na wengi wao hawakuwahi kusikia jina lake. (Manesi wenzangu, mnajua ninachosema.)

Albamu ina nyimbo 9. Nitawaambia ukweli, zote si sawa. Beat Your Booty na Super Soul Sister ni za kuchezea tu, zikipita zimepita. Ain't No Half Steppin' ni nyingine kabisa, na miaka 12 baadaye Big Daddy Kane, rapa wa New York, alichukua jina hilohilo kwa wimbo wake na kutumia sehemu ya muziki wa Heatwave.

Mwanzoni mwa 1977 Boogie Nights ilifika namba 2 Uingereza. Novemba mwaka huohuo ikafika namba 2 Marekani, ikazuiwa kileleni na Debby Boone na You Light Up My Life, wimbo ambao ulikaa namba 1 wiki 10 na kuwafungia wengi mlango. Albamu ilifika namba 11 Marekani na kuuza zaidi ya nakala milioni moja huko.

Kijana wa samaki na askari wa Dayton wakawa wamefika.

5.

Sasa njooni kwenye Always and Forever, na hapa nitaongea kama nesi.

Temperton ndiye aliyeuandika, Johnnie ndiye anayeongoza kuimba. Kwenye albamu unapita dakika 6. Ni wimbo wa polepole sana, na polepole ndiyo ngumu. Wimbo wa haraka unakuruhusu kuiba pumzi kati ya maneno. Wa polepole unakuacha uchi. Neno linavutwa, unatakiwa kulishikilia bila kutetemeka, kisha ulimalize laini bila kulitupa. Kisha kule mwisho Johnnie anaachia sauti ipande juu, inazunguka, inashuka, inapanda tena, na hewa bado ipo.

Hewa hiyo inatoka wapi? Kuvuta pumzi kazi kubwa ni ya diaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Lakini mwimbaji hashindi kwa kuvuta. Anashinda kwa kutoa hewa kidogokidogo kwa mahesabu, na hapo inahitajika misuli ya katikati ya mbavu na misuli ya tumbo. Hiyo ndiyo breki na ndiyo pampu. Kukohoa kwa nguvu ni misuli hiyohiyo. Kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara, hiyohiyo.

Nasikiliza ule mwisho wa wimbo na nasikia tumbo la mtu mwenye miaka 27 likifanya kazi nzuri kupita kiasi. Najua ni jambo la ajabu kusema kuhusu wimbo wa mapenzi.

6.

Kundi lilianza kupigwa mapema. Jesse Whitten, mpiga gitaa, alichomwa kisu akafa Chicago, kipindi kilekile cha albamu ya kwanza. Nafasi yake ikachukuliwa na Roy Carter, Mwingereza.

Mwaka 1978 Mario Mantese naye alichomwa kisu, cha moyo. Alipona, ila sijui kama "alipona" ndilo neno. Alikaa muda mrefu bila fahamu, na alipozinduka, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa haoni, hasemi, na mwili umepooza. Mpiga besi mwenye albamu iliyouza milioni. Baadaye aliishi Uswisi, akawa mwandishi na mwalimu wa mambo ya kiroho.

Mwaka huohuo Temperton aliacha kuzunguka na kundi, akabaki anawaandikia nyimbo tu. Huyo aliondoka kwa miguu yake.

Kisha tarehe 24 Februari 1979. Johnnie Wilder alikuwa nyumbani Dayton. Ajali ya gari. Shingo.

Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini. Alikuwa na miaka 29.

7.

Niwaeleze shingo ikivunjika nini kinatokea, kwa sababu kila wiki barabarani tunaokota watu na kuwatupa nyuma ya pikapu kama magunia.

Ndani ya uti wa mgongo kuna ugwe wa neva. Kila usawa una neva zake. Neva za diaframu zinatokea shingoni, usawa wa 3, 4 na 5. Ukiumia juu ya hapo unashindwa kupumua mwenyewe, unahitaji mashine. Ukiumia chini kidogo, diaframu inabaki, unavuta hewa, lakini mbavu na tumbo vimekatiwa mawasiliano. Yaani unabaki na kuvuta, ile breki na ile pampu hazipo tena. Mgonjwa anaongea maneno matatu, anapumzika, maneno matatu, anapumzika. Hawezi kukohoa vizuri, makohozi yanabaki kifuani, nimonia inaingia. Hajisikii makalio, basi tusipomgeuza kila baada ya saa 2 anapata kidonda hadi mfupani. Mpira wa mkojo ukijikunja tu, presha inaweza kuruka ghafla kiasi cha kumuua, na yeye haoni maumivu yoyote, anaona kichwa kinagonga na uso unatoka jasho.

Ndugu msomaji, hayo ndiyo maisha ambayo mwimbaji wa Always and Forever aliamka nayo.

8.

Niruhusuni nitoke kidogo Dayton.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na kijana wodini, dereva wa bodaboda, shingo. Sitaji hospitali, sitaji chochote. Kaka yake alinifuata pale kwenye meza ya manesi, saa tisa usiku, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, niambie ukweli. Ameisha?"

Nilikuwa na zamu ya watu 34, peke yangu na mhudumu mmoja. Nilichoka. Sikumjibu ndiyo, sikumjibu hapana. Nilitikisa kichwa na kurudi kuandika chati. Yule kaka alikwenda nje akakaa kwenye benchi hadi asubuhi, na kesho yake hakuleta uji. Keshokutwa pia. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa amelichukua lile tikiso la kichwa kama jibu. Familia ilianza kupanga mambo mengine.

Kijana mwenyewe alikuwa hajaisha. Alikuwa anataka kujua Yanga imefanya nini. Aliniuliza kwa maneno matatu matatu. Ilibidi nimpigie kaka yake simu mimi mwenyewe, nikamwambia, njoo na uji, na lete redio. Akaja. Hakuniuliza tena lile swali na mimi sikumkumbusha.

Ni wakati huo, nikisikiliza muziki kwenye simu baada ya zamu, ndipo nilisoma kwa mara ya kwanza habari za Johnnie Wilder. Nilikuwa nimecheza wimbo wake kwenye harusi ya dada yangu bila kujua.

9.

Kwa maana Johnnie alirudi kazini.

Jukwaani hapana. Jukwaani nafasi yake ilichukuliwa na J.D. Nicholas, ambaye baadaye alijiunga na Commodores baada ya Lionel Richie kuondoka. Lakini albamu ya Heatwave ya mwaka 1980, Candles, Johnnie yumo: anaimba, na pia ni mmoja wa walioitayarisha, pamoja na James Guthrie, yule wa The Wall ya Pink Floyd. Mwezi Januari 1981 wimbo wao Gangsters of the Groove ulikuwa kwenye chati za Uingereza, ukafika namba 19. Aliyeuandika? Temperton.

Wanaosema "alirudi kama zamani" wananiudhi kidogo. Mwili haukurudi. Misuli ya mbavu haisomi magazeti. Mtu aliyepooza toka shingoni akiimba anafanya hesabu mpya kabisa: diaframu peke yake, koo, midomo, na studio inayokuruhusu kuimba mstari, kupumzika, kuimba mwingine. Na nyuma yake kuna mtu aliyemgeuza usiku uliopita, aliyemsaidia kukohoa asubuhi, aliyehakikisha mpira haujajikunja kabla gari halijaanza kuelekea studio. Majina yao hayapo kwenye jalada la santuri. Mimi nawaona.

Baadaye aliingia kwenye nyimbo za injili. Alifariki nyumbani Ohio tarehe 13 Mei 2006, miaka 27 baada ya ajali. Hiyo namba naomba msiipite haraka. Mtu aliyepooza toka shingoni mwaka 1979, miaka 27. Ni ngozi iliyotunzwa kila siku, kibofu kilichotunzwa kila siku, kifua kilichotunzwa kila siku.

10.

Mtaniuliza, na Temperton je?

Mwaka 1979 Quincy Jones alikuwa anatafuta nyimbo kwa ajili ya Michael Jackson, akampigia mtu wa Heatwave. Temperton alitoa nyimbo 3 kwenye albamu Off the Wall, mojawapo ni Rock with You. Mwaka 1982 akatoa nyingine 3, na moja ni Thriller. Ndiyo, hiyo Thriller. Yule mtoto aliyelala na redio Cleethorpes, aliyefanya kazi na samaki wa barafu. Alifariki mwaka 2016 kwa saratani, na watu wengi walijua jina lake siku hiyo tu.

Ukisikiliza Rock with You halafu ukarudi kwenye Too Hot to Handle utasikia ni mkono uleule. Sauti zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kiitikio kinapanda pale usipotegemea. Mazoezi yote aliyafanyia Heatwave, kwenye koo la Johnnie. Watu husema Michael alimpata Temperton. Mimi husema Johnnie ndiye alimpata, kwa tangazo la gazetini, miaka 5 kabla.

Keith Wilder, yule mdogo mtu, aliendelea kulipeleka kundi jukwaani miaka mingi. Alifariki Oktoba 2017.

11.

Basi jamani, ndiyo hiyo. Mkiipata albamu, anzeni na Boogie Nights kwa ajili ya kinubi cha mama Bromberg, kisha mruke hadi Always and Forever, toleo la albamu, si lile lililokatwa kwa ajili ya redio. Zima feni, vaa spika za masikioni, subiri ule mwisho. Hesabu anashikilia sauti kwa muda gani kabla hajavuta pumzi nyingine.

Na mkikuta ajali barabarani, msimnyanyue mtu kwa mabega na miguu. Shikeni kichwa na shingo visicheze, subirini au mtafute ubao, mmgeuze mwili mzima kwa pamoja kama gogo. Nitaandika hilo peke yake wiki ijayo, na picha.

Yule kijana wa bodaboda aliruhusiwa baada ya miezi minne na nusu. Kaka yake alimbeba. Redio walinisahaulia dirishani, ipo hadi leo, inakamata stesheni mbili tu.

Zamu yangu inaanza saa mbili usiku. Maswali yaacheni hapa chini, nitajibu kesho nikiamka.